Shauri la Polska ya Hökars

Shauri Namba Kumi na Moja: Kuhusu Jina Linalopaswa Kuandikwa Kando ya Polska ya Hökars katika Rejista ya Nyimbo ya Chama cha Wapiga Fidla wa Usharika wa Lövsjö.

Mchungaji, ndugu wafiwa, wanachama wa chama kilichotajwa hapo juu, walimu, majirani na marafiki, naanza na kichwa hicho cha habari kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na nilipomkumbusha kwamba historia za marehemu huanza na kuzaliwa, alinijibu akiwa kitandani, bila kufumbua macho, "Kila mtu amezaliwa, Ulrika, hata wajumbe wa kamati."

Mimi ni Ulrika, binti wa marehemu Erland ambaye alikuwa kaka yake, na mama yangu ni Ingegerd, aliyeketi pale benchi la mbele, na ambaye yumo katika historia hii zaidi kuliko marehemu alivyopenda.

Marehemu shangazi yetu, Hjördis Norling, alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Februari 1940, hapa Lövsjö, mkoani Dalarna, katika nyumba ya Hökars iliyo juu ya ziwa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Hökars Jerk na mkewe Brita, na kama ilivyo desturi yetu kwamba jina la nyumba hutangulia jina la mtu, aliitwa Hökars Hjördis tangu siku hiyo mpaka siku ya ndoa yake, jambo ambalo naomba mlishike kwa sababu yeye hakuliachia hata siku moja.

Nyumba ile ilikuwa ya muziki kuanzia darini hadi zizini, babu Jerk alipiga fidla iliyowafanya watu wa sharika tatu waende kwenye arusi ambazo hawakualikwa, bibi Brita alipiga kinanda cha kukanyaga huku akiangalia maziwa yasimwagike jikoni, baba yangu Erland alipiga kodiani, na marehemu alipiga fidla tangu akiwa na umri wa miaka sita, ingawa hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha namna ya kuishika. Babu hakuwafundisha wanawe, na hakuwanyima kwa uchoyo, maana utaratibu wake aliueleza kwa kila aliyemuuliza, kwamba mtoto wa nyumbani atazipata nyimbo tu, kama anavyopata mafua, lakini mgeni atazipata kwa kufundishwa, kwa hiyo kila kiangazi walikuja wageni kutoka huku na huku, wakakaa jikoni na babu goti kwa goti, wakapewa wimbo kipande kwa kipande, na watoto wa nyumbani wakasikiliza kutoka kwenye ngazi.

Kati ya nyimbo hizo upo mmoja ambao babu hakuwa akimpa mgeni yeyote, nao ni ile polska, ngoma yetu ya kale ya mapigo matatu, ya kuwatoa maharusi kanisani, ambayo kwetu tunaiita polska ya Hökars, na marehemu alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba alimwendea baba yake akiwa anapaka nta upinde, akamwambia, "Baba, nifundishe ile ya maharusi." Babu akamuuliza, "Si unaijua?" Akajibu, "Ninaijua." Babu akasema, "Sasa nikufundishe nini, mwanangu?" akaendelea kupaka nta, na mazungumzo hayo mafupi marehemu aliyasimulia mara nyingi sana katika maisha yake, kila mara kwa sauti ileile, mpaka sisi watoto tukawa tunayaigiza mezani, jambo ambalo halikumchekesha.

Kwa upande wa elimu, marehemu alisoma shule ya msingi hapa Lövsjö kuanzia mwaka 1947, akaendelea na masomo ya kati, na mwezi Agosti 1958 akajiunga na chuo cha ualimu Falun, alikohitimu tarehe 1 Juni 1962 akiwa na alama za juu katika hesabu, lugha na mwandiko, na alama ya kati katika muziki, ambayo aliikatia rufaa, rufaa ikakataliwa, na nakala ya kukataliwa kwake akaitundika chooni ndani ya fremu.

Chuoni hapo alipanga chumba kimoja na msichana kutoka Västerås, mtoto wa fundi wa kiwandani, jina lake Ingegerd Lundin, aliyekuwa amefundishwa fidla na mwalimu wa manispaa, wakawa marafiki wa kuazimana soksi, na katika kiangazi cha mwaka 1960 marehemu akamwalika rafiki yake huyo aje Hökars kwa wiki mbili, na naomba ieleweke kwamba aliyealika ni yeye, maana hilo pia hakuliachia.

Ingegerd aliteremka kwenye basi Jumatano tarehe 22 Juni 1960, siku mbili kabla ya mkesha wa katikati ya kiangazi, akiwa na sanduku moja la nguo na moja la fidla, na bibi Brita alipomwona mlangoni alisema, "Hjördis, huyu mwenzio mnamlisha nini huko chuoni, karatasi?" akamwekea viazi vipya, samaki wa chumvi na maziwa mgando, na baada ya chakula babu akamwomba mgeni apige chochote alichonacho, mgeni akapiga zoezi lake la shule kwa heshima zote, akamaliza. Babu akamuuliza, "Nani alikufundisha kushika upinde, mwanangu, fundi bomba?" Ingegerd akasema, "Mwalimu wa manispaa, mzee." Babu akasema, "Ndiyo maana unapiga kama mtu anayejaza fomu," kisha akavuta kiti kwa mguu, akamwambia, "Haya, sogea hapa."

Marehemu wakati huo alikuwa kwenye ngazi za nje akisugua viazi vya kesho ndani ya ndoo, mlango ukiwa wazi, na hivyo alisikia yote yaliyofuata, siku hiyo na siku nyingine nyingi, kwa sababu kiangazi kile nyasi zilikatwa zikatundikwa kwenye vichanja vya kukaushia, mvua ikashuka ikakataa kuondoka, na katika nyumba ile mvua ikinyesha kazi ilikuwa ni moja tu. Aliwasikia wakimaliza nyimbo ndogondogo ambazo kila mgeni hupewa, akawasikia wakiingia katika zile za kati, na siku moja katikati ya Julai, akiwa amebeba kuni, akasikia babu akianza kipande cha kwanza cha polska ya Hökars, kisha mzee akasimama na kusema, "Polepole, tuna muda," maneno ambayo, kwa jinsi marehemu alivyoyaeleza, baba yake hakuwahi kumwambia yeye hata alipokuwa akijifunza kutembea.

Kwa nini babu aliutoa wimbo huo kwa msichana wa Västerås hakuna anayejua, yeye mwenyewe alipoulizwa alisema, "Aliuliza vizuri," ingawa mama yangu anaapa kwamba hakuuliza kitu, na wiki mbili zilipokwisha bibi Brita akasema mgeni hawezi kuondoka nyasi zikiwa mbichi, nyasi zilipokauka akasema hawezi kuondoka matunda ya kinamasi yakiwa yameiva, na baba yangu Erland, ambaye hapo awali hakuwa akionekana ndani mchana, akaanza kuwa na sababu nyingi za kupita jikoni na kodiani kifuani. Huko kinamasini, wakiwa na ndoo zao na mbu, marehemu alimwambia rafiki yake, "Ulikuja kunitembelea mimi." Ingegerd akasema, "Si niko hapa na wewe?" Marehemu akasema, "Uko hapa na baba yangu, na mchana unakuwa hapa na kaka yangu, mimi nakupata kwenye mbu tu."

Tarehe 29 Julai 1961 Ingegerd na Erland walifunga ndoa katika kanisa hili, marehemu akiwa msimamizi wa bibi arusi kwa gauni alilojishonea mwenyewe, na maharusi walipotoka mlangoni babu aliwatoa kwa polska ya Hökars, na kwa kuwa Erland ndiye mrithi wa nyumba, mgeni wa wiki mbili akaitwa Hökars Ingegerd kuanzia chakula cha mchana, na pale mezani marehemu alimwinamia mama yangu akamwambia, "Sasa utabakiza nini, wifi, niambie mapema nikifiche."

Tangu siku hiyo alimwita wifi mbele ya watu na mgeni wakiwa wawili, na mama aliitika yote mawili.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi Lövsjö tarehe 15 Agosti 1962 na akafundisha hapo mpaka alipostaafu tarehe 10 Juni 2005, hivyo karibu nusu ya mlioko humu ndani aliwafundisha kuandika majina yenu, na baadhi yenu aliwaambia wazi kwamba jina ni zuri ila wenyewe hamlitendei haki. Hakuwahi kufundisha nyimbo shuleni, aliomba somo hilo apewe mwalimu mwingine, na watu walidhani ni unyenyekevu.

Mwezi Machi 1963 alichaguliwa pia kuwa katibu wa Chama cha Wapiga Fidla, cheo alichokishika kwa miaka hamsini na minane, na Jumapili tarehe 7 Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa kiangazi wa wapiga fidla pale uwanjani nyuma ya kanisa, mama yangu alipiga polska ya Hökars mbele ya watu kwa mara ya kwanza, akasema kwa adabu kwamba ameupata wimbo huu kwa Hökars Jerk, vijana wa usharika wa jirani wakampenda, wakamfuata nyumbani, akawafundisha, na mwaka uliofuata wakarudi wakaupiga huku wakitangaza kwa sauti kwamba huu ni wimbo walioupata kwa Ingegerd. Sasa wanachama mnajua, na wasiokuwa wanachama niwaambie, kwamba sisi hatuandiki mtunzi, watunzi wamekufa zamani na hawana madai, sisi huandika kando ya wimbo jina la mtu, na kifungu cha sita cha kanuni zetu kinasema jina hilo litakuwa la mtu wa mwisho wa usharika huu aliyeufundisha wimbo kwa kukaa na mwanafunzi goti kwa goti, ambayo ni kanuni nzuri, yenye haki, na iliyomwelekezea mama yangu kidole moja kwa moja.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Shauri Namba Kumi na Moja, ambalo katibu aliliingiza katika ajenda ya mwaka 1964 na kuliahirisha katika mkutano huohuo, akaliahirisha mwaka uliofuata kwa sababu ya kukosa muda, mwaka mwingine kwa sababu ya kukosa akidi, ingawa ukumbi ulikuwa umejaa, na mwaka 1972 kwa sababu ya hali ya hewa. Mwaka 1975 mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Holger Åslund, aliweka kalamu chini akasema, "Hjördis, hili tulifunge leo, lina miaka kumi na moja." Katibu akajibu, "Basi limeshazoea kukaa, tusilisumbue." Mama yangu akasimama nyuma akasema, "Mimi andikeni mnavyotaka, hata msiandike kitu," na katibu, bila kugeuka, akasema, "Mnamsikia? Hivyo ndivyo anavyosema mtu ambaye tayari kitu kimo mfukoni mwake," na akaandika kwamba wajumbe walijadili kwa kina.

Tarehe 8 Juni 1968 marehemu alifunga ndoa na Tage Norling, mpima ardhi kutoka Borlänge, mtu mpole ambaye hakuweza kutofautisha fidla na mlango unaohitaji mafuta, na alipoulizwa na bibi Brita kama ana hakika na uchaguzi wake, marehemu alisema, "Nina hakika kabisa, mama, huyu ni mtu ambaye baba hatamvutia kiti." Walihamia nyumba ya walimu, akawa Hjördis Norling, na tarehe 17 Septemba 1971 walijaliwa mtoto mmoja, Staffan, ambaye sasa ni mhandisi wa maji taka huko Umeå na amefika jana na familia yake, na mzee Tage alitutoka tarehe 4 Mei 2009, akiwa amesikiliza katika ndoa yake muziki mwingi kuliko mtu yeyote asiyeupenda.

Nisingekuwa mkweli kama ningewasomea maisha haya kana kwamba wawili hawa walikuwa wakinuniana, kwani walikunywa kahawa pamoja karibu kila siku kwa miaka sitini, ila kahawa hiyo ilikuwa na vipimo, mama akioka mikate ya mdalasini shangazi alioka ya mdalasini na lozi, mama akinunua baiskeli nyekundu shangazi alinunua nyekundu yenye gia, na mama alipotolewa mawe manne kwenye nyongo mwaka 1979, shangazi aliingia hospitali hiyohiyo wiki tatu baadaye akatolewa saba, na alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwambieni mgeni ni saba."

Babu Jerk alifariki nyumbani Hökars Alhamisi tarehe 19 Novemba 1981, sote tukiwa chumbani, na saa chache kabla ya kukata roho aliwaita watu wawili kwa majina, akamwomba Ingegerd ampigie polska, na akamwomba Hjördis kahawa. Marehemu alikwenda jikoni akaipika, akaileta ikiwa moto, akamshika babu kichwa mpaka alipomaliza kunywa, na hilo ni jambo pekee ambalo hakuwahi kulisimulia, mimi nililiona kwa macho yangu nikiwa na miaka kumi na saba, na nililiona pia lile alilofanya baada ya mazishi, alipolaza fidla yake ndani ya sanduku, akafunga vibanio viwili, akaliweka juu ya kabati, akasema mikono yake ina kazi nyingine.

Afya yake ilikuwa njema mpaka mwaka 2020, alipoanza kutetemeka mikono, akaambiwa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu usioponyeka, akaachia ukatibu mwezi Machi 2021 kwa barua ya mstari mmoja, na tarehe 12 Oktoba 2022 akahamia nyumba ya wazee hapa Lövsjö, chumba cha upande wa ziwa, ambako mama yangu alimtembelea kila Alhamisi na fidla yake, na kila Alhamisi marehemu alimpokea kwa kusema, "Umekuja tena, mgeni, kwenu hawakuulizi?"

Hapa mama ameniruhusu kusema jambo ambalo wengi wenu mnalijua na mmekuwa waungwana hamlisemi, kwamba mwaka jana daktari alitueleza kuwa kumbukumbu za mama zimeanza kuondoka, bila fujo, kama wageni wenye adabu, moja moja, majina kwanza, kisha njia, kisha nyimbo. Alhamisi tarehe 8 Juni mwaka huu, pale chumbani, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dirishani, mama alianza kupiga polska ya Hökars, akamaliza kipande cha kwanza, akafika mahali wimbo unapopanda, akasimama, akarudi nyuma, akafika palepale, akasimama tena.

Shangazi akasema, "Endelea."

Mama akasema, "Siuoni, wifi. Umekwenda."

"Umekwenda wapi, umeupiga miaka sitini?"

"Sijui. Nikifika pale hakuna kitu."

Marehemu alimtazama kwa muda mrefu, na mimi niliyeujua uso wake tangu utoto nasema bila kumpamba kwamba kilichopita usoni pale kwanza hakikuwa huruma, ilikuwa ni ile sura ya mtu aliyesimama kwenye foleni maisha yake yote na sasa anaona dirisha linafunguliwa, kisha akasema, "Sogeza kiti." Mama akasogeza. Akasema, "Sogeza tena, goti lako liko wapi, Västerås?" na magoti yao yalipogusana akaanza kuuimba wimbo ule kwa mdomo, maana mikono haikuweza hata kikombe, akaupiga mdundo kwa kisigino sakafuni, kipande cha pili, kisha cha tatu chenye ile kona ambayo babu mwenyewe akiwa amekunywa alikuwa akiikata, na hakukosea popote, wimbo wote ulikuwa mzima ndani yake, pamoja na mapambo ambayo mama alikuwa ameyaacha njiani tangu miaka ya themanini.

Hakuwa mwalimu mpole kama baba yake. "Upinde chini," alisema, "chini, nimesema, unapiga kama mtu anayeomba ruhusa." Mama alipopata kipande, marehemu alimsimamisha akamuuliza, "Hiki amekufundisha nani?" Mama akasema, "Wewe." Akasema, "Rudia, nesi yuko mlangoni, asikie," mama akarudia, nesi akasikia, na baadhi ya wauguzi wa pale wako humu leo na wanaweza kunisahihisha. Alhamisi iliyofuata mama alikuwa amekipoteza nusu, akafundishwa upya, akapoteza tena, akafundishwa tena, na kiangazi kikapita hivyo, wawili hao wakitukanana dirishani mpaka wazee wa vyumba vya jirani wakawa wanauimba wimbo huo kwenye foleni ya chakula, na mwishoni mwa Julai mama akaupiga wote bila kusimama, marehemu akafumba macho akasema, "Kipande cha tatu bado ni cha mjini, lakini basi."

Jumapili tarehe 6 Agosti, katika mkutano mkuu wa mwaka, mwenyekiti wetu wa sasa alisoma ajenda, akafika kwenye Shauri Namba Kumi na Moja na kama kawaida akawa ameshavuta pumzi ya kusema limeahirishwa, mama yangu akasimama akasema, "Mimi wimbo ule niliupata kwa mzee Jerk, nikaupoteza. Huu nilio nao sasa nimeupata kwa Hjördis." Mwenyekiti, ambaye ni kijana na anapenda mambo yafuate kanuni, akauliza kama ufundishaji huo ulifanyika goti kwa goti, mama akasema, "Goti kwa goti, na kwa matusi," watu wakacheka, kura ikapigwa, hakuna aliyepinga, na baada ya miaka hamsini na tisa shauri likafungwa kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kujadili mashine ya kahawa.

Mwenyekiti alimpigia marehemu simu jioni hiyo, mimi nikiwa nimemshikia simu sikioni, akamweleza uamuzi kwa lugha yote ya kiofisi inayostahili, marehemu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, "Mmeandika Norling au Hökars?" Mwenyekiti akasema, "Tumeandika Hökars Hjördis." Akasema, "Muhtasari uthibitishwe," akanifanyia ishara nikate simu, na alipojua imekatwa akaniuliza mgeni alikuwa amevaa nini mkutanoni, nikamwambia, akasema rangi hiyo haimpendezi.

Marehemu alifariki dunia Ijumaa tarehe 11 Agosti 2023 alfajiri, katika nyumba ya wazee ya Lövsjö, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, mimi, na wifi mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na ambao hakuwaachia kosa la tahajia lipite kwenye chati yake, inawashukuru majirani wa nyumba ya walimu waliomtunzia bustani, walimu wenzake wa miaka arobaini na mitatu, mchungaji aliyemtembelea hata alipoambiwa asije, wanachama wa chama kwa uvumilivu ambao hawakuwa na njia ya kuukwepa, na akina mama wa usharika walioandaa kahawa itakayofuata ukumbini, ambako mikate iko ya aina mbili na mnaombwa kula zote mbili kwa usawa.

Baada ya sala tutakwenda kaburini, na huko mama atapiga polska ya Hökars, au sehemu yake atakayokuwa nayo leo, na akisimama katikati naomba asisaidiwe.

Lipo neno moja la mwisho, maana tangu ule mkutano maneno yanazunguka hapa Lövsjö, nimeyasikia dukani na nimeyasikia asubuhi hii kwenye ngazi za kanisa, kwamba Ingegerd alijifanya amesahau, kwa wema wake, ili wifi yake afe ameridhika, na mnayasema kwa nia njema, wengine mkifuta machozi, bila kuona kwamba mkishasema hivyo mwalimu anageuka kuwa mtu aliyehurumiwa, na sifa yote inahama tena, kutoka kwa mtoto wa nyumbani kwenda kwa mgeni. Nilikuwepo chumbani, na daktari anayo majibu ya vipimo, na mama mwenyewe, siku anapokumbuka, huyakasirikia maneno hayo kuliko mtu yeyote.

Pumzika sasa, shangazi, katika amani ambayo ulipokuwa nasi hukuitafuta sana. Mama alisahau kweli, na aliyemfundisha ni wewe.